Jazi ya mwanzo bila kulipa senti: hifadhi za mtandaoni na ipi ya kuanzia

Mtu aliyekulia kwenye magitaa ya Morogoro Jazz, siku ya kwanza ukimsikilizisha santuri ya jazi ya mwaka 1923, atakuuliza: mbona gitaa silisikii? Anauliza kwa haki. Neno jazi tulilipata mapema. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu 1932, Morogoro Jazz ikaja 1944, Kongo wakawa na African Jazz na OK Jazz, Western Jazz ikafuata 1959. Lakini tulichokiita jazi kilikuwa dansi letu, na ndani yake mlikuwa na rumba ya Kuba zaidi kuliko kitu chochote cha New Orleans. Jina lilisafiri, muziki wenyewe ukabaki kwao.

Ukitaka kuusikia huo wa kwao, wa kati ya 1913 na 1928 hivi, huna haja ya kununua kitu. Upo mtandaoni, bure, na sehemu kubwa ni halali kabisa. Shida ni kwamba umetawanyika, na kila mahali pana tabia zake. Nimezunguka humo miaka kadhaa, mara nyingi kwa simu na bando la kuungaunga, na nimeona watu wakianza pale pasipowafaa, wakavumilia mikwaruzo kwa dakika mbili, kisha wakarudi zao kwenye bongofleva. Ndiyo maana nazilinganisha hapa kwa macho ya msikilizaji wa kawaida, anayehesabu MB zake na ambaye hajui Gennett ni nini.

Tangulia na jambo moja, maana ndilo linaloamua mengine yote: kila hifadhi ina sura ya yule aliyemiliki santuri zake. Ukiingia kwenye hifadhi iliyojengwa juu ya mali ya kampuni moja, utaondoka na historia ya kampuni hiyo ukidhani ndiyo historia ya jazi. Mimi mwenyewe nilikaa hivyo karibu mwaka mzima.

National Jukebox: sebule iliyofagiliwa

Hii ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ilifunguliwa Mei 2011 ikiwa na rekodi zaidi ya 10,000, na kiini chake ni santuri za kampuni ya Victor za tangu 1901 hadi 1925. Urithi wa Victor leo uko mikononi mwa Sony, nao ndio waliotoa ruhusa watu wasikilize bure.

Kwa mgeni hakuna mahali nadhifu kama hapa. Kila wimbo una ukurasa wake: tarehe ya kurekodiwa, mji, majina ya wapigaji pale yanapojulikana, namba ya santuri. Unabonyeza, unasikia. Hakuna kujisajili, hakuna matangazo, hakuna nakala sita za wimbo uleule zinazokuchanganya. Kurasa zinafunguka hata kwenye simu ya kawaida.

Na humu ndimo ilimo santuri ambayo vitabu vyote huanza nayo: Victor 18255, iliyorekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band. Wakati huo wengi bado waliandika "jass". Upande mmoja kuna "Livery Stable Blues", yaani blues ya banda la farasi wa kukodi. Isikilize kwa hedifoni. Wanaanza vijana watano kwa pamoja, kila mmoja kama anakimbizwa, halafu ghafla bendi inakata: klarineti inawika kama jogoo, korneti, yaani tarumbeta fupi, inalia kama farasi, tromboni inatoa mlio wa ng'ombe. Kisha wanarudia, maana waliona inachekesha. Watu walinunua santuri ile kwa wingi, na baada ya hapo kila kampuni ikaanza kutafuta bendi ya kwake ya "jass".

Lakini tazama nani wanapiga. Nick LaRocca na wenzake wote walikuwa wazungu wa New Orleans, wakipiga muziki ambao mabingwa wake wengi katika mji uleule walikuwa weusi. Inasimuliwa kwamba Freddie Keppard, mpiga korneti mweusi aliyekuwa na jina kubwa, alipata nafasi ya kurekodi kabla yao akakataa, kwa hofu ya kuibiwa mtindo wake. Iwe kweli iwe porojo, matokeo ni hayo: jazi ya kwanza kuingia kwenye santuri iliingia kwa mikono ya wengine.

Jukebox ina dawa kidogo ya hili, ila lazima uitafute kwa jina. Andika James Reese Europe. Huyu alikuwa kiongozi wa bendi mweusi wa New York ambaye Victor walimrekodi mwishoni mwa 1913 na mwanzoni mwa 1914, miaka mitatu kabla ya vijana wa LaRocca. Wataalamu watakwambia hiyo ni ragtime, muziki uliotangulia jazi, haijawa jazi yenyewe, na watakuwa sahihi kwa kiasi chao. Wewe sikiliza "Castle House Rag" mpaka mwisho. Sehemu kubwa ya wimbo inakwenda kwa heshima kama watu wa harusini wanaosubiri bwana harusi, kisha kwenye hatua za mwisho ngoma zinaachiwa. Ukisikia pale hutahitaji mtaalamu.

Pengo la Jukebox ni hili. Bendi kali za weusi za mwanzo wa miaka ya 1920, kuanzia ya King Oliver, hazikurekodiwa na Victor. Zilichukuliwa na kampuni ndogo au zilizolenga wanunuzi weusi, kama Gennett, OKeh na Paramount. Victor ilipokuja kuamka na kumrekodi Jelly Roll Morton na Red Hot Peppers wake, ilikuwa Septemba 1926, na milango ya Jukebox imefungwa kwenye 1925. Kwa hiyo ukisikiliza humu peke yake, utasikia orkestra za dansi za wazungu, wachekeshaji wa jukwaani, na hapa na pale kipande cha kitu kinachofanana na jazi.

Tahadhari nyingine: miongoni mwa nyimbo za enzi hizo zimo za kuwakejeli watu weusi, kuanzia kichwa cha wimbo mpaka picha iliyochorwa. Maktaba imezihifadhi kama zilivyo na kuweka onyo. Ukimpa mtoto wa shule simu atafute mwenyewe, kaa naye karibu.

Internet Archive: ghala

Sasa hamia upande wa pili. Internet Archive ya San Francisco ina mkusanyiko mkubwa wa santuri za 78, yaani za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nyingi zikiwa zimeingizwa kupitia mradi uitwao Great 78 Project, uliozinduliwa 2017. Idadi ilifika mamia ya maelfu. Ukiingia hapa kutoka Jukebox ni kama umetoka sebuleni ukaingia ghala la Kariakoo siku ya kushusha kontena.

Kwanza faida. Humu makampuni yote yamechanganyika, kwa sababu santuri zimetoka kwa wakusanyaji na maktaba waliozitoa, na hao walinunua walichopenda bila kujali lebo. Andika "King Oliver" na "Gennett", halafu tulia.

Tarehe 5 na 6 Aprili 1923 King Oliver alipanda treni na bendi yake kutoka Chicago kwenda Richmond, Indiana, kurekodi kwenye studio ya Gennett. Kampuni mama ilikuwa ya kutengeneza piano, Starr, na studio ilikuwa jirani na reli, kiasi kwamba treni ikipita kazi inasimama. Hakukuwa na kipaza sauti. Kurekodi kwa umeme kulikuja 1925. Kabla ya hapo wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa, sauti ikaingia kwenye pembe, ikatikisa utando, utando ukasukuma sindano iliyochora mistari kwenye nta. Mwenye sauti kubwa alisimama mbali, mwenye ndogo akasogezwa karibu. Ngoma nzito ziliweza kuirusha sindano, ndiyo maana Baby Dodds unamsikia zaidi akigonga vibao vya mbao. Na inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa korneti ya pili ilibidi asimamishwe nyuma kabisa, mbali na wenzake, maana alikuwa anaifunika bendi nzima. Alikuwa na umri wa miaka 21, anaitwa Louis Armstrong.

Tafuta "Chimes Blues". Katikati Lil Hardin anapiga piano kama kengele za kanisa, kitu ambacho kwa kweli kinachosha kidogo. Vumilia. Baada yake korneti moja inajitokeza peke yake, imara, kila noti imewekwa mahali pake kama mtu anayepanga matofali. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya Armstrong akipiga peke yake kwenye santuri. Halafu tafuta "Dipper Mouth Blues" umsikie Oliver mwenyewe akiifunika na kuifunua korneti yake mpaka inalia kama mtoto anayedeka, na karibu na mwisho mtu mmoja wa bendi anapaza sauti ya kuwachochea wenzake. Miaka mia moja baadaye bado unaona kabisa kwamba walikuwa wanafurahi mle ndani, pamoja na joto na treni.

Sasa kero. Ukitafuta wimbo mmoja unaweza kupata nakala nyingi: nyingine imeingizwa na wataalamu, nyingine na mtu binafsi aliyeunganisha santuri yake na kompyuta nyumbani, nyingine imetolewa kwenye diski ya baadaye iliyosafishwa mpaka korneti inasikika kama iko chini ya maji. Namna ya kuzitofautisha ni kutazama picha. Ingizo zuri lina picha ya lebo ya santuri yenyewe, yenye vumbi na michubuko yake. Lisilo na picha ya lebo, mimi huliruka.

Kuna jambo jingine linalowatisha wageni. Ukifungua orodha ya mafaili ya ingizo la Great 78 utakuta wimbo mmoja una mafaili kadhaa yenye namba na herufi za ajabuajabu. Maelezo yake ni mepesi. Santuri ilipigwa kwa sindano nne kwa wakati mmoja, kila moja na upana wake, kwa sababu mistari ya santuri za zamani haikuwa na kipimo kimoja na kila sindano hugusa sehemu tofauti ya ukuta wa mstari. Sehemu iliyolika kwa sindano za babu zao inarukwa na sindano nyembamba inayokwenda chini zaidi. Wataalamu wakachagua nakala waliyoiona bora, ndiyo unayoisikia ukibonyeza, na nyingine wakakuachia ujaribu. Kwa mtu mwenye masikio makini hii ni starehe kubwa. Kwa mwenye bando la siku, ni mtego: faili kubwa la ubora wa juu, lile la FLAC, linaweza kupita MB 50 kwa wimbo wa dakika tatu. Chagua MP3. Zinatosha MB tatu hadi sita, na kwa santuri iliyorekodiwa kwa pembe hutapoteza kitu cha kulilia.

Kero ya pili ni ya usalama wa ghala lenyewe. Agosti 2023 makampuni makubwa ya muziki yaliishtaki Internet Archive kwa sababu ya mradi huu, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2025. Katikati hapo, Oktoba 2024, wadukuzi waliishambulia tovuti ikazimwa kwa siku kadhaa. Usishangae kuona kiungo ulichohifadhi mwaka juzi leo hakina kitu. Ukipata unachokipenda na sheria inaruhusu, kipakue kilale kwako.

Kwa hiyo, kati ya hizi mbili?

Nimewahi kufanya jaribio la kijinga: "Livery Stable Blues" kutoka Jukebox kwenye sikio moja, kisha nakala ya Internet Archive, zikipokezana. Tofauti ilinishangaza. Moja ilikuwa na mkwaruzo laini wa mfululizo, kama mafuta yanayokaangia mihogo kwa mbali, nyingine ilikuwa na mipasuko ila tromboni ilikuwa karibu zaidi, nusura niione. Hata sauti ya wimbo ilipishana kidogo juu na chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba 78 ni jina tu. Studio za wakati ule zilizungusha kwa kasi zilizopishana, na ukipiga santuri kwa kasi isiyo yake, wimbo unapanda au kushuka na wapigaji wanaonekana wepesi au wazito kuliko walivyokuwa. Kwa hiyo mtu akikuambia bendi fulani ilipiga haraka kama wendawazimu, muulize kwanza santuri ilizungushwa na nani.

Hukumu yangu: Jukebox kwa wiki ya kwanza, Internet Archive kwa maisha. Jukebox itakuzoesha sikio lako mikwaruzo na itakupa tarehe unazoweza kuziamini. Lakini ukiishia hapo, umekula sahani ya saladi ukaondoka kabla wali haujaletwa.

DAHR: ramani

Discography of American Historical Recordings, ya Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, wengi huipita kwa sababu inaonekana kama daftari la mhasibu. Ni orodha kubwa mno ya vikao vya kurekodi: nani, lini, wapi, alirekodi mara ngapi wimbo huo, na nakala ipi ndiyo iliyotolewa. Baadhi ya maingizo yana sauti ya kubonyeza palepale.

Ninaitumia hivi. Nikikuta kitu Internet Archive kilichoandikwa hovyo, nachukua namba iliyo kwenye lebo, naiweka DAHR. Mara nyingi inanijibu. Bendi iliyofichwa kwa jina la bandia inafichuka, maana makampuni yalikuwa na mchezo wa kuuza bendi moja kwa majina matano. Hutaistarehekea kama muziki, lakini bila hiyo unatembea ghalani gizani. Ifungue kwenye dirisha la pembeni, basi.

Silinda za Santa Barbara: kwa mwenye udadisi

Chuo hichohicho kina hifadhi ya silinda za nta na seluloidi, ile teknolojia ya Edison iliyotangulia sahani na ikakataa kufa hadi 1929. Ilifunguliwa mwishoni mwa 2005, na ina silinda zaidi ya 10,000 zilizogeuzwa kuwa mafaili ya kusikiliza na kupakua. Kwa urahisi wa kupakua, inazishinda zote: MP3 ndogo, moja kwa moja, hakuna mzunguko.

Jazi yenyewe humo ni haba, nisikudanganye. Ila kuna vitu viwili vya kusikiliza. Cha kwanza ni Frisco "Jass" Band, waliorekodi kwa Edison 1917, mwaka uleule wa LaRocca. Cha pili ni Collins na Harlan, wachekeshaji wawili wazungu walioiga lafudhi ya weusi, na wimbo wao kuhusu bendi ya "jas" kutoka kusini, waliourekodi Desemba 1916. Huo umetangulia santuri ya kwanza ya jazi kwa miezi kadhaa: yaani kejeli juu ya jazi ilirekodiwa kabla ya jazi. Mimi niliposikia nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Ukishavisikia hivyo viwili, rudi ghalani.

Tulane: wazee wakizungumza

Hii haimo kwenye orodha nyingi za namna hii, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hogan Archive ya Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, ilianza 1958 kwa fedha za wakfu wa Ford, na kazi ya kwanza ilikuwa kuwafuata wanamuziki wazee majumbani na kinasa sauti. Mahojiano mengi sasa yako mtandaoni, mengine pamoja na muhtasari wa maandishi.

Johnny St. Cyr yumo, yule aliyepiga banjo kwenye Hot Five, bendi ya Armstrong. Na yumo LaRocca, ambaye hadi uzeeni alishikilia kwamba bendi yake ndiyo iliyoanzisha jazi na weusi wakaiga. Kumsikia mtu akitetea jambo kama hilo kwa sauti yake mwenyewe ni tofauti na kulisoma. Unasikia anavyoamini.

Kwa kulinganisha: hapa hupati muziki wa kutosha kuchezea, na Kiingereza chao cha kusini ni kigumu. Mimi nilishindwa kabisa mara ya kwanza mpaka nilipofungua muhtasari pembeni. Lakini kama umewahi kukaa na mzee wa dansi, akakueleza nani aliondoka bendi gani kwa sababu ya nani na mshahara gani, utajikuta nyumbani. Majungu ya wanamuziki yanafanana dunia nzima.

Jambo la kupita haraka: zamani kulikuwa na Red Hot Jazz Archive, kazi ya mtu mmoja, Scott Alexander, iliyowafundisha wengi katika miaka ya mwanzo ya intaneti. Maandishi yake sasa yanatunzwa na gazeti la The Syncopated Times. Nenda huko kusoma wasifu wa bendi na orodha za wapigaji. Kwa kusikiliza, Internet Archive imeshaipita.

Ukitaka kuitumia, si kuisikiliza tu

Kuna watu wanaotaka kuweka kipande kwenye kipindi cha redio au chini ya video. Hapo mwaka wa kutolewa ndio unaoamua. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa 2018, rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 zilikuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2022. Baada ya hapo zinafunguliwa mwaka mmoja mmoja zikitimiza miaka mia: za 1923 zilifunguliwa Januari 2024, za 1924 Januari 2025, za 1925 Januari 2026. Ina maana zile za King Oliver za Gennett zilizotoka 1923 ziko huru kule, wakati kazi za Armstrong za mwishoni mwa miaka ya 1920 bado zina mwenyewe. Hiyo ni Marekani. Ukirusha kipindi Nairobi au Mwanza, sheria ya nchi yako nayo ina neno.

Kwa hesabu hiyo Jukebox inakuwa na faida moja zaidi: karibu yote iliyomo ni ya zamani kiasi cha kuwa salama au kukaribia, na kwenye rekodi zilizokwisha kuwa huru utakuta kitufe cha kupakua. Internet Archive huwezi kuichukulia hivyo. Kuwepo kwa faili pale hakumaanishi kwamba ni huru, na kesi ile ya 2023 ilihusu jambo hilohilo.

Kila mtu na pa kwake

Una simu, bando dogo na udadisi wa jioni moja: Jukebox, usikilize LaRocca kisha James Reese Europe, kwa mpangilio huo, ili uone kilichotangulia kilikuwa kipi.

Wewe ni mpigaji, unataka kujua wenzako walifanya nini na vyombo vyao: Internet Archive, na usiondoke kwenye rekodi za Aprili 1923 kabla hujaweza kuitenganisha korneti ya Oliver na ya Armstrong zinapopiga pamoja. Ni kazi ya siku nyingi. Anza na wimbo mmoja, rudia mara ishirini.

Mwalimu au mwandishi: DAHR na Tulane kwanza, muziki baadaye. Mwenye redio: Jukebox, na uandike mwaka wa kila rekodi kwenye daftari.

Na yule wa Morogoro Jazz aliyeuliza juu ya gitaa? Mwambie kwenye santuri za pembe gitaa lilikuwa linafunikwa, ndiyo maana bendi zilibeba banjo, lenye sauti kali inayopenya. Baada ya kipaza sauti cha 1925 mambo yakabadilika. Atafute "Hotter Than That" ya Armstrong, iliyorekodiwa Chicago Desemba 1927. Mgeni wa bendi siku hiyo alikuwa Lonnie Johnson na gitaa lake. Ikifika zamu yao, bendi nzima inanyamaza, Armstrong anaimba bila maneno, gitaa linamjibu, anatupa kingine, linamjibu tena. Hapo mwenzetu ataacha kuuliza, maana kuitana na kuitikiana kwa namna hiyo anakujua toka utotoni.